Asante kwa Chakula

Baba alikuwaga mkali, tena mkali kweli, lakini hakuwahi kunyanyuka kwenye chakula bila kusema, "Asante kwa chakula." Na mama, popote alipo, jikoni au uani anaanua mihogo, alikuwa anaitikia: "Asante kwa kushukuru." Hata siku walizogombana. Nakumbuka walivyonuniana kwa sababu ya mtamba ambaye baba alimuuza bila kumwambia mtu. Hawasemeshani, salamu hakuna, lakini maneno hayo hayakukosa. Sisi watoto tulikuwa tunaficha vicheko kwenye sahani.

Tulipomzika mama, yakaisha. Baba anakula matonge mawili, ananawa, anatoka kwenda kukaa na ng'ombe wake. Mashati yakaanza kumpwaya. Mimi naishi Kabasa, pale Bunda, nashona nguo. Kila Jumamosi nikifika nyumbani kwake Butiama namkuta amepungua tena, na nguvu ya kumzika na yeye sikuwa nayo.

Nikampeleka hospitali. Vipimo vyote safi. Nesi, mama mmoja mpole, akaniita pembeni akaniambia mzee ana sonona. Zaidi ya dawa, akashauri kila siku ataje mambo matatu anayoyashukuru, hata kama ni madogo, ili moyo uzoee kuona mema. Nikalipokea kwa mikono miwili. Kaka yangu wa Musoma naye akawa ananitumia video za watu wanaotabasamu wakifundisha kushukuru. Yeye mwenyewe kuja hawezi, eti ofisini kumebana. Jamani! Video inamlisha mtu?

"Baba, leo unashukuru nini?"

"Ng'ombe."

"Na kingine?"

"Ng'ombe."

"Cha tatu?"

"Ndama."

Nikacheka, peke yangu. Jumamosi iliyofuata akaniambia amechoka kuhojiwa kama mwizi wa mifugo, na ugali hakuugusa kabisa. Nikarudi Bunda nikakaa mbele ya cherehani, kitambaa cha mteja mkononi, nisijue hata nianzie wapi kukata. Kuna kulia kwa machozi na kuna kulia kwa kuishiwa akili. Mimi akili zilikuwa zimeniishia.

Basi siku moja nikasema leo potelea mbali, nitampikia kama mama. Nikazunguka mpaka Musoma, mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki, kutafuta sato mbichi. Nikamchemsha na nyanya na ndimu, nikasonga ugali wa mtama na muhogo, mgumu, wa kushika. Baba akakata tonge, akachovya. Nikashika roho. Akakata la pili. Halafu akanyoosha mkono kwenye maji ya kunawa.

Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Baba, nimeamka alfajiri, nimezunguka mpaka Musoma kukutafutia samaki. Hata asante? Si wewe ulikuwa unatuambiaga kushukuru ni kuomba tena?"

Yameshatoka. Kumfokea mzazi, mtu mzima mimi, tena mzazi mgonjwa. Aibu ikanishika palepale. Yeye hakukasirika, na heri angekasirika, ningemtambua. Akaangalia mlango wa jikoni.

"Nikishukuru," akasema, "nani ataitikia?"

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Siku zote hizo nilikuwa namdai shukrani, kumbe yeye alikuwa anajua kwamba upande wa pili hakuna mtu.

"Mimi, baba. Nitaitikia mimi."

Akanitazama. Akajiweka sawa kwenye kiti, kama anavyokaa kanisani.

"Haya. Asante kwa chakula."

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyasikia tangu sijajua kutembea. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Baba akasubiri. Alisubiri kweli, mikono inachuruzika maji, sikio amelielekeza jikoni, na mimi nipo hapohapo mbele yake, nalia tu.

"Umeona?" akasema taratibu.

Akanisogezea sahani yake.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."