Kioo Kikali

Kila ninaponusa ngozi kuukuu humkumbuka mzee wa Kiarabu aliyeuza vitu vilivyotumika pale Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mama alikuwa na kifua kikuu. Walimweka kwenye kambi ya wagonjwa kilimani, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuvuka ua. Baba akauza baiskeli yake ili aninunulie darubini ya kumtazamia mama kwa mbali.

Fedha zilitosha darubini ndogo na kioo kimoja tu cha jichoni, kile kinachopachikwa upande wa kuchungulia.

"Chukueni hiki hafifu," mzee alisema. "Kile kikali kinavuta karibu, lakini picha inatikisika na kufifia."

"Hiki kitanionyesha uso wake?" niliuliza.

"Utaona mtu tu, binti."

Nikang'ang'ania kile kikali. Baba alinitazama, kisha akalipa.

Jioni ile niliegemeza darubini juu ya nguzo ya ua. Wagonjwa walikuwa wameketi barazani. Nilitafuta mashavu ya mama yaliyojaa, na ushanga wake mwekundu.

"Baba," nilisema, "kuna bibi kizee amechukua ushanga wa mama."

Baba akaipokea darubini, akatazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema.