Kuta za York Ndani ya Fleti ya Overport

Mwaka jana kazi ilinipeleka Uingereza kwa semina, na siku tuliyopewa kupumzika wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilipanda treni mpaka York, mji wa zamani uliozungushiwa kuta za mawe. Nilipanda ngazi nyembamba pale lango la Micklegate, nikaanza kutembea juu ya ukuta, na kabla sijafika mbali machozi yalikuwa yananitoka, hata mzungu mmoja mzee akasimama kuniuliza kama nimeumia. Nikamwambia ni upepo. Ukweli, rafiki yangu, ni kwamba njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi sana nikiwa mtoto, na niliipitia Durban, ndani ya fleti ya jirani yetu.

Tulifika Durban miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mama na mimi, tukitoka Buyenzi kule Bujumbura, tukikimbia vita. Mama alisuka nywele mjini karibu na stendi ya teksi, akirudi jioni vidole vimevimba. Mimi nikitoka shule nilipanda ngazi za jengo letu la Overport, nikajifungia geti la chuma kama nilivyoagizwa, nikachambua mchele, nikaloweka maharage, kisha basi. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya mpaka magharibi. Ndege wale wanaoitwa hadeda walipita wakipiga kelele zao mbaya, harufu ya mchuzi wa watu wengine ikaingia dirishani, nami nikakaa. Ilifika mahali nikawa naongea na friji. Ilinijibu kwa kunguruma, na kwa kweli kuna watu wazima waliokuwa wananijibu vibaya zaidi.

Chini yetu alikaa bibi wa Kizungu, mjane, wa mwisho wa aina yake katika jengo lile. Wazungu wenzake walikuwa wamehama mmoja mmoja. Watoto wote tulimwita Gogo, maana ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, na mwenyewe alipenda. Siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi, ufunguo nimeusahau ndani, akaniita ninywe chai. Mama alipokuja kunichukua aliitazama ile nyumba, akamtazama yule bibi na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili, “Mtu mzima iko peke yake hivi? Wacha uwe unamshindia.” Tangu hapo nikawa na mahali pa kwenda.

Gogo alizaliwa York. Alikuja Durban kwa meli akiwa bibi harusi na hakurudi tena. Ukutani alikuwa na picha kubwa ya mji wao iliyoanza kuwa ya manjano: kuta nyeupe zikizunguka juu ya matuta ya nyasi, malango yenye minara, na katikati kanisa kuu lililozidi kila kitu kwa urefu. Alitamani jambo moja tu, kuuzunguka ukuta ule mara nyingine kabla ya kufa. Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa mbali, alimwahidi kwamba atakuja kumchukua. Alikuwa anaahidi tangu kabla sisi hatujafika.

Kwa kuwa miguu yake ilikuwa imechoka, alinituma mimi nimzungukie. Mlango wa fleti ulikuwa Micklegate, lango la wafalme, na kofia za marehemu mumewe zilizotundikwa pale zilikuwa vichwa vya wasaliti, maana zamani, alisema, vichwa vyao vilitundikwa juu ya lango lile wapita njia waone wajifunze. Kutoka hapo unavuka mto, ambao ulikuwa ukumbi, unafika lango la Bootham kwenye friji. Kabati la vyombo lilikuwa kanisa kuu, na pale ilibidi upunguze mwendo ulitazame. Kisha lango la Monk, dirishani. Baada ya Monk, ukuta unakatika, kwa sababu zamani palikuwa na kinamasi ambacho adui hawezi kukipita; basi nilivuka zulia kwa ncha za vidole, nikafika lango la Walmgate mlangoni mwa jikoni. Nikimaliza napita kiti cha duara, ambacho kilikuwa ngome juu ya kilima chake. Gogo alikaa na fimbo yake, na kila nilipofika lango aligonga sakafu, ko! Maana yake nimefunguliwa, nipite.

Nilimuuliza siku moja kama kuta zile zilizuia vita. Alifikiri kidogo, akasema mara nyingine zilizuia, mara nyingine hapana. Nilimpenda kwa jibu lile. Watu wazima wengine wote walikuwa wananiambia sasa kila kitu kiko sawa.

Ikaja Idi. Mama alipika pilau la kwetu, akapakua kwenye sahani yake nzuri ya maua ya buluu, nikampelekea Gogo. Kesho yake Gogo aliirudisha mwenyewe, akipanda ngazi kwa shida, sahani imesuguliwa inang'aa. Alishukuru sana, akashuka.

Mama aliigeuza mkononi. “Hii sahani iko tupu?”

Wewe unayenisoma unajua. Sahani ya jirani hairudi tupu. Unatia chochote, hata chumvi, hata ndimu moja. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio kwamba tumemalizana. Nilimwambia mama kwamba kwao hawajui, na kwamba kila siku ananipa chai na biskuti.

“Biskuti ni zako. Sahani ni yangu,” alisema mama. “Kutoa ni moyo, si utajiri. Nani amemwomba kitu kikubwa? Mais non, hapana, ametuona sisi ni wakimbizi, anakula na kufunga mlango. Usiende tena.”

Sasa ningefanya nini? Ningeweza kushuka nimweleze Gogo. Lakini utamwambiaje mtu mzima, tia kitu kwenye sahani yetu? Hiyo ni kuomba, na mama angenichinja kwa aibu, zaidi ya alivyokasirika kwa sahani. Kwa hiyo sikusema kitu. Gogo naye hakujua kosa lake. Akinikuta kwenye ngazi aliniambia chai ipo, nami nikasema nina kazi za shule, nikipanda haraka nisimwone uso.

Nikarudi kwa friji. Halafu mchana mmoja, kwa upweke tu, nilianza kuzunguka kuta ndani ya nyumba yetu. Fleti yetu ilikuwa imepangwa sawasawa na yake, jikoni juu ya jikoni. Sakafu ilikuwa ya mbao na nilivaa viatu vya shule. Nilipofika kwenye friji nikasimama. Kutoka chini, kwenye dari la Gogo, nikasikia fimbo: ko!

Sijawahi kufurahi vile tena, na nimeolewa, nimezaa. Kila mchana nilizunguka, naye akanifungulia malango yote kutoka chini. Mama alinikataza kwenda. Kutembea hakunikataza.

Mchana mmoja nilisimama Bootham, kimya. Nikafikiri amelala. Nikaenda Monk, nikakanyaga kwa nguvu, kimya. Nilizunguka mpaka miguu ikauma, na mama alipofungua geti alinikuta nimelala kifudifudi, sikio kwenye mbao.

“Alishaenda,” alisema, bila kuulizwa. “Asubuhi. Mtoto wake amekuja na gari.”

“Kwao? York?”

Mama alivua viatu polepole. “Tulipishana kwa ngazi. Nimegeuza uso. Sikuuliza.”

Usiku ule hakula, wala hakunikemea kwa maharage niliyosahau kuloweka.

Nilipita jengo lile mwaka huu. Limepakwa rangi mpya, na watu wake ni wanafunzi ambao hawafahamiani. Mama sasa anakaa Sydenham, hapo hapo Durban. Siku ile ya mwaka jana, nikiwa juu ya ukuta, nilimpigia simu, nikamwambia niko York, malango yote yako wazi, watu wanapita na baiskeli.

Akaniambia nimuulizie Gogo. Mji si mkubwa, alisema, iko makanisa, iko makaburi, watu wa makanisa wanaandika wafu wao. Niulize kama alirudi, kama aliwahi kufika. “Useme mama yangu anaomba msamaha.”

“Nitaulizaje, mama? Alikuwa anaitwa nani?”

“Unaniuliza mimi? Wewe ndiye ulikuwa unashinda kwake.”

“Mimi nilikuwa mtoto. Mtoto hamuulizi bibi jina lake.”

Nilisimama pale na simu sikioni, watu wa mji wakipita kando yangu, vikongwe wengi wenye fimbo, na sikuwa na jina la kumsimamisha nalo hata mmoja wao.