Antene ya Wamaza haijakufa

Leo chef wetu wa kazi amenikaripia mbele ya biro nzima, na sijaomba musamaha.

Asubuhi antene ya simu ya Wamaza ilionekana nyekundu, kama imezimika, kwenye ekra ya kompyuta yetu hapa Kasongo. Chef akasema, "Zaina ameiacha izimike tena. Afukuzwe!"

Zaina ndiye fundi wetu kule. Nikamupigia.

"Yaya Riziki, antene inatembea muzuri! Watu wanaitumia sasa hivi!"

Nikaelewa. Shida ilikuwa mashine ya Kabambare, ile inayokusanya habari za antene zote za upande ule. Ilikuwa imelemewa, habari za Wamaza hazikutufikia tena. Nikaitoa antene ya Wamaza kwa mashine ile, nikaiweka kwa mashine yetu ya Kasongo.

Tukangoja kidogo.

Kijani!

Nilizani chef atafurahi. Wapi!

"Nani amekupa ruhusa? Rudisha kule ilikuwa!"

"Nikirudisha, itaonekana nyekundu tena, na utamufukuza mutu bure. Sirudishi."

Nikageukia ekra yangu, nikaendelea na kazi.

Chef akatoka, akabamiza mulango.

Zaina bado iko kazini. Mimi nimeitwa kwa direkta, mukubwa wa chef, kesho.

Nitaenda, na nitasema vile vile. Ninyi mungerudisha?