Papai la Wavulana

Utotoni mwangu, huko karibu na Kebirigo, msichana hakula papai. Wavulana walikula watakavyo, ndege wakala, na yaliyobaki yakaozea chini ya mipapai nyuma ya jiko. Magokoro, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, alituambia mimi na mdogo wangu Kemunto kwamba papai hufunga kizazi. Ushahidi wake ulikuwa shangazi yetu, aliyerudishwa nyumbani na mumewe kwa kukosa mtoto.

"Alikuwa akila kwa kujificha," Magokoro alisema. "Mtazameni sasa."

Tulimtazama. Shangazi aliendelea kumenya ndizi. Mpaka leo sijui kama aliwahi hata kulionja.

Kemunto alipokuwa na miaka mitano hivi, mvua ilichelewa sana. Mboga zilikauka, ng'ombe wetu wa pekee akaacha kutoa maziwa, tukawa tunakula ugali wa wimbi kwa chumvi. Mipapai iliendelea kuzaa.

Ndipo Kemunto akaanza kujikwaa jioni. Mchana alikimbia nasi, lakini jua likizama alipapasa ukuta akiutafuta mlango. Tulidhani anacheza, mpaka siku aliyoingiza mguu kwenye majivu ya moto. Hapo hakuna aliyecheka. Magokoro alisema kuna mtu amemfunga macho. Mganga aliitwa, mbuzi akachinjwa, Kemunto akavishwa kamba ya ngozi shingoni. Ini la yule mbuzi walilila wazee.

Kisha ikaja surua, na macho yake yakaanza kuwa meupe. Baba alimbeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, Mama nami tukifuata. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyetupokea alikuwa mtu wa kwetu. Alizifunua kope za mtoto, akamgeukia Mama.

"Amekuwa akila nini?"

"Ugali."

"Na mboga?"

"Zimekauka."

"Matunda je? Hamna hata papai?"

Mama alimtazama Baba. Baba alikuwa akitazama sakafu.

"Yapo," Mama akasema. "Lakini ni ya wavulana."

Dresa hakutugombeza. Alieleza taratibu kwamba kile kinacholipa papai lililoiva rangi yake, mwili hukigeuza kuwa chakula cha macho. Angelila mapema, kabla ya surua, pengine angeona. Sasa kilichobaki ni kumwokoa asife.

Hakufa. Alirudi nyumbani kipofu. Siku chache baadaye nilimkuta Magokoro ameketi naye uani, amepasua papai, anamlisha kipande baada ya kipande huku akimfuta kidevu. Nilidhani maneno ya dresa yamemwingia. Nikaomba na mimi.

"Wewe hapana," alisema. "Wewe utaolewa."

Nilisimama pale nikisikia harufu ya lile papai. Kemunto naye alikuwa ameyasikia maneno hayo. Aliacha kutafuna kidogo, kisha akafungua tena mdomo.

Nilikuja kusomea uuguzi. Kliniki nimewafundisha kina mama wengi kuhusu vitamini A: papai lililoiva, maboga, mboga za majani, ini likipatikana, na mafuta kidogo ili mwili uipokee. Nikifika kwenye ini humkumbuka yule mbuzi, nikaendelea haraka. Nikiwauliza kama binti zao hula papai, wengine hucheka. Mimi sijaweza kucheka.

Kumchukia Magokoro nimeshindwa. Katika ile njaa alinipa tonge lake mara nyingi, akalala na maji tu. Alikuwa amemwona binti yake akirudi na kikapu kichwani, na alichotaka ni tusirudi hivyo. Kinachoniuma si kwamba hakujua. Kinachoniuma ni kwamba Kemunto aliruhusiwa kula siku ile tu watu wazima walipokwisha kumkatia tamaa.

Ni kweli Kemunto hakuolewa. Lakini alizaa, wavulana wawili na msichana, na papai amelila maisha yake yote. Watoto wake huwajua kwa hatua zao na kwa kikohozi. Nikimtembelea huniuliza yule msichana anafanana na nani.

"Anafanana na wewe," humwambia.

"Na mimi nikoje?"

Humweleza paji la uso, mashavu, mwanya. Husikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mgeni.