Asali ya Bibi na kinywaji cha Meksiko

Jamani, leo nyumba yetu hapa mjini Ibra inanuka pombe, na mpishi wake ni mimi.

Wallahi sikukusudia!

Niliona video ya kinywaji cha kale cha Meksiko: asali, kakao na pilipili. Nikachanganya na maji, nikafunga chupa, nikaisahau stoo. Kwa joto hili ikachacha. Leo mchana ikapasuka.

Bibi akaja na mkongojo wake. Nikajua nitasomewa haramu mpaka magharibi.

Akauliza tu, "Asali umeitoa wapi?"

"Kabatini mwako, Bibi."

Akakaa kitako pale pale.

"Ile ndiyo niliyomtia babu yako mdomoni akikata roho. Iliyobaki niliiweka kwa siku yangu."

Sasa anafuta sakafu mwenyewe, kitambaa hataki kunipa.

Niambieni basi, asali kama ile nitaipata wapi?