Blanketi la Nyanchera

Kemuma alipoolewa katika kijiji cha Gesima mwaka 1968, alimkuta Nyanchera, binti wa mumewe, mtoto mdogo aliyefiwa na mama. Nyanchera alikuwa akikojoa kitandani. Kila asubuhi nyanya yake alimtwika blanketi lililolowa na kumtuma mtoni, apite mbele ya wachuma chai ili aone haya na kuacha.

Kemuma alipoyaona hayo, alilichukua blanketi lile akajitwika mwenyewe. Wachuma chai wakaangua kicheko.

"Bibi arusi, nani kakojoa huko kwenu?" mmoja akauliza.

"Ni langu," Kemuma akajibu bila kugeuka, akaendelea kuteremka. Nyanchera alikuwa nyuma yake, ameshika leso ya Kemuma kwa nguvu.

Nyumbani hakumgombeza. Alimpa uji mapema, jua likiwa bado juu, na usiku, kabla yeye mwenyewe hajalala, alimwamsha taratibu, akamshika mkono mpaka nje. Hata hivyo, mara nyingi mtoto alilowa. Mama mkwe alinuna akisema anadekezwa, lakini Kemuma alizidi kufua.

Mahindi yalipokuwa yanakomaa, Nyanchera aliamka asubuhi moja, akapapasa alipolala, kisha akapapasa tena.

"Mama!" akaita. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Ni pakavu!"

Kemuma alimkumbatia, akacheka huku machozi yakimtoka.

Baadaye akina mama wa kijiji walianza kumletea watoto wao wenye shida ile ile. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nyumbani mnamcheka?"