Mwenye Funguo za Stoo

Mratibu wa elimu maalumu shuleni kwetu husikika kabla hajaonekana, kwa zile funguo za kiunoni. Kila asubuhi huingia stoo kuwapangusa vumbi wanawe, yaani viti vya magurudumu, vifaa vya kusikilizia na mashine za kuandikia nukta nundu, vyote vingali ndani ya nailoni. "Sheria inataka viwepo, na vipo," huwaambia wazazi kwa upole, huku akikunja kitambaa chake kama leso ya harusi. Kuvitoa ni habari nyingine. Watoto, anasema, wana mikono ya kuharibu.

Jana mama mmoja alimleta binti yake asiyeona. Mratibu akamruhusu aipapase mashine juu ya nailoni, taratibu, asije akaikwaruza. "Ataanza kuitumia lini, mwalimu?" mama akauliza. "Subiri kwanza, mama. Bado mpya." "Basi na huyu mwanangu mfunike nailoni, umweke humu humu, asije akakua kabla hujaifungua." Mratibu akazishika funguo zake, akazikagua rafu zote, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ningekusaidia, mama, ila stoo imejaa."